Kinyama kilikaa kwenye maji ya dripu, sasa ripoti mbili hazifanani: tuamini ipi?

Marahaba dada, na pole sana kwa kuuguza. Nimesoma maelezo yako mara mbili, nayarudia kwa kifupi ili na wengine wanaopitia hayo hayo wafuatilie. Mama ana miaka 54, Ijumaa alitolewa vinyama vya sindano kwenye titi la kushoto kupima saratani, formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) siku hiyo ilikuwa imeisha hivo nesi akaviweka kwenye maji ya dripu, mkapewa kichupa mkipeleke wenyewe mjini, mkapanda basi Jumamosi mkakuta maabara imefungwa mpaka Jumatatu. Ripoti ikaja ER hasi, PR hasi (hivi ni vipokezi vya homoni za kike kwenye seli), HER2 hasi (protini inayosukuma seli zikue). Baadae titi likaondolewa lote bila kemo kutangulia, likatumbukizwa zima kwenye ndoo ya formalini, likakaa siku tano ndo likakatwa, na maabara ya pili ikasema ER chanya asilimia 60, HER2 2+, alafu FISH, kipimo cha kuhesabu jeni ya HER2, haikutoa majibu. Kaka yenu wa Uingereza akalipia kipimo cha jeni za uvimbe, kikarudi na PIK3CA E545K (badiliko kwenye jeni iitwayo PIK3CA) asilimia 3 na sentensi chini kwamba DNA ni hafifu. Unauliza nani kawadanganya, mfuate ipi, na je wewe mwenyewe ukipima BRCA, jeni ambazo zikirithiwa na hitilafu zinaongeza hatari ya saratani ya matiti, utapata majibu ya kweli au na yenyewe yatakuwa hivi hivi.

Mimi kazi yangu ni patholojia, nakata vinyama kila siku ya Mungu, na kwa hayo uliyoeleza sioni mtu aliyewadanganya. Maabara zote mbili huenda zilisoma kwa uaminifu kabisa kile kilichofika mezani kwao. Shida ni kwamba kilichofika mezani hakikuwa tena kile kilichotoka kwenye titi la mama. Kipimo cha saratani ya matiti kinaanza kuharibika au kupona pale kitandani, dakika ile sindano inatoka, na mashine ya mabilioni haiwezi kurudisha kilichopotea ndani ya kile kichupa.

Nyama ikishatoka mwilini haina damu tena, haina oksijeni, lakini seli zake bado zina vimeng'enya vinavyofanya kazi, na vinaanza kuzila zenyewe kutoka ndani. Protini zinamomonyoka, RNA, ile nakala ya maagizo ya jeni, inakatika haraka sana, DNA nayo inafuata taratibu. Kwenye joto la kwetu mambo yanakwenda mbio zaidi. Ndo maana mwongozo wa Marekani wa vyama vya madaktari wa saratani na wa patholojia, ASCO na CAP, ambao maabara nyingi duniani zinaufuata, unasema kuanzia nyama kutoka mwilini hadi kuingia kwenye formalini isizidi saa 1. Saa moja tu dada, na ya mama ilikaa kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu. Maji ya dripu ni maji na chumvi, hayazuii chochote, nyama ndani yake inaendelea kuoza kama ambavyo ingeoza kwenye sahani. PR mara nyingi ndo inatangulia kupotea rangi, ER inafuata, na ukija kuweka dawa ya kupaka rangi kwenye slaidi, kile kioo chenye kipande chembamba cha nyama, hakuna cha kushika. Msomaji anaona weupe, anaandika hasi.

Sasa formalini yenyewe inafanya nini. Mwaka 1893 daktari Mjerumani, Ferdinand Blum, alikuwa anaijaribu kama dawa ya kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake inakuwa ngumu, akapata wazo la kuitumia kwenye vinyama na mpaka leo tuko naye. Inaingia kwenye nyama na kufunga protini moja kwa nyingine, na protini kwa DNA, kwa vidaraja vidogo vidogo, kila kitu kinabaki mahali pake pale pale kilipokuwa. Ila inaingia polepole, kadiria milimita 1 kwa saa, na kuingia ni jambo moja, kufunga vile vidaraja ni jambo lingine linalotaka masaa mengi zaidi. Na kwenye titi kuna mafuta, formalini ni ya majimaji, inapita kwenye mafuta kwa shida kweli kweli. Kwaiyo mwongozo unataka kinyama kikae kwenye formalini kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi 72. Zamani kwa HER2 kikomo cha juu kilikuwa saa 48, mwaka 2013 wakakipeleka 72.

Nikwambie nilichokiona kwa macho yangu, maana ndo kilichompata mama upasuaji wa pili. Tuliletewa ndoo kutoka hospitali moja ya mbali, titi zima ndani, halijachanjwa hata mara moja, lina siku nne. Kwa nje limekaza, rangi ya kijivu, ukiligusa ni kama raba. Nikalipasua katikati kwa kisu kirefu, na ndani, sentimita chache tu kutoka ukingoni, nyama bado laini, ya pinki, inateleza, na harufu ikanipanda mpaka nikarudi nyuma. Formalini haikuwahi kufika pale. Uvimbe wenyewe ulikuwa nusu yake uko kwenye kijivu na nusu uko kwenye pinki. Nilipaka dawa ya ER kwenye bloku mbili (vipande vya nyama vilivyogandishwa ndani ya nta) za uvimbe huo huo, ya ukingoni ikawaka vizuri, viini vya seli kahawia kila mahali, ya katikati ikaja tupu. Mwanamke yule yule, uvimbe ule ule, mpishano wa sentimita tatu. Laiti ningekata bloku ya katikati peke yake ningemwandikia hasi na angenyimwa vidonge vya tamoxifen, vya kuzuia homoni, vya miaka mitano. Bado nalifikiria lile titi.

Dawa ya hilo ni rahisi mno, haihitaji hela: titi likitoka, daktari au mtu wa maabara alichane vipande vya unene wa milimita 5 hivi, aache vimeshikana upande mmoja ili tujue juu ni wapi chini ni wapi, atie kitambaa au karatasi katikati ya vipande ili formalini ipite, na formalini iwe nyingi, mara 10 ya ujazo wa nyama. Kile mnachokiona mara nyingi, titi limejaa ndoo na formalini ya kulowanisha tu, hapana.

Na formalini yenyewe ya aina gani. Inayotakiwa ni ya asilimia 10 iliyotiwa chumvi za fosfeti, gramu 4 za moja na 6.5 za nyingine kwa lita, ili isiwe na asidi. Sehemu nyingi wanachukua ile kali ya dukani, wanaichanganya na maji ya bomba moja kwa tisa, basi. Ikikaa inageuka kuwa asidi, na asidi inaikata DNA vipande vipande. Kwenye hadubini slaidi inaweza kuonekana nzuri tu, seli zimekaa vizuri, unasema hii safi, ukiipeleka kwenye kipimo cha jeni hupati kitu. Hapo ndo watu wengi hata wa kazi yetu wanajichanganya, wanadhani nyama inayosomeka kwa macho inasomeka na kwa mashine.

Turudi kwenye ripoti zenu. Ile ya kwanza, hasi tatu, mi nisingeitegemea hata kidogo kwa upande wa ER na PR. Jina la saratani naliamini, kwamba ni saratani, maana ya pili imethibitisha. Ila kuna kitu kimoja nataka mkiulize: kwenye ile slaidi ya kwanza kulikuwa na vijifereji vya kawaida vya titi, visivyo na saratani? Kwenye titi la kila mwanamke baadhi ya seli za vijifereji hivo huwa zina ER, zinatakiwa ziwake rangi. Ndo shahidi wetu wa ndani. Kama uvimbe ni mweupe na vijifereji vya kawaida vimewaka, hasi hiyo ina uzito. Kama na vijifereji navyo ni vyeupe, kipimo kimekufa, na jibu sahihi la kuandika ni "haiwezi kusomeka", sio "hasi". Hayo maneno mawili kwenye ripoti yanafanana kwa mtu wa nyumbani lakini moja linasema uvimbe hauna, lingine linasema hatujui, na mgonjwa anatibiwa tofauti kabisa.

ER ya asilimia 60 ya maabara ya pili naiamini zaidi, kwa sababu uhifadhi mbaya kazi yake kubwa ni kufuta rangi, ni mara chache sana kuitia pale isipokuwepo, hasa ikiwa rangi imekaa ndani ya kiini cha seli. Kwa mwongozo hata asilimia 1 inahesabika chanya, sembuse 60. Ni kweli kuna uvimbe ambao sehemu hii ina ER na sehemu ile haina, hilo lipo, siwezi kulifuta, ila kwa historia ya kile kichupa naanza kulaumu maji ya dripu kwanza. Nendeni na hilo kwa daktari wa saratani wa mama, mwambieni wazi kinyama cha kwanza kilikaaje, maana ripoti pengine haikuandika na yeye anaona karatasi mbili tu zinazogombana.

HER2 2+ maana yake ni katikati, haijulikani. Wanawake kama 15 mpaka 20 kati ya 100 wenye saratani ya matiti wana HER2 iliyozidi, na kwao dawa ya trastuzumab imebadilisha maisha tangu ipitishwe Marekani 1998, kwaiyo hili swali halitakiwi kuachwa hewani. Ndo maana 2+ inapelekwa FISH, ambapo tunahesabu jeni yenyewe ndani ya kiini cha seli. Nakuelezea inavoonekana: chumba cha giza, unaweka jicho, viini vinaonekana bluu kama vidonge, na ndani yake nukta nyekundu ni jeni ya HER2, nukta za kijani ni kromosomu ya 17 yenyewe inapokaa jeni hiyo. Seli ya kawaida nyekundu mbili kijani mbili. Iliyozidi, nyekundu zinajaa kama mtama uliomwagika. Tunagawanya nyekundu kwa kijani, ikifika 2 na nyekundu zikiwa wastani wa 4 au zaidi kwa seli, ni chanya. Sasa nyama iliyokaa vibaya, ile isiyofikiwa na formalini viini vyake vinakuwa mashimo meusi, na ile iliyokaa kwenye formalini muda mrefu mno vidaraja vimekuwa vingi kiasi kwamba ile rangi haiwezi kupenya mpaka kwenye DNA, unaona bluu tupu hakuna nukta, au mwanga wa ukungu umetanda slaidi nzima. Mtaalamu mwaminifu hapo anaandika hakuna majibu, na ndivo walivyofanya, mnapaswa kuwashukuru kwa hilo. Angeweza kubahatisha.

Haijatoa majibu sio mwisho wa safari. Ombeni warudie kwa bloku nyingine. Na hapa nina ushauri ambao nimeona unasaidia mara nyingi: ulizeni kama kwapani walitoa tezi na kama tezi hizo zilikutwa na saratani. Tezi ni ndogo, formalini inafika mpaka ndani mapema, ukilinganisha na titi zima, mara nyingi bloku ya tezi ndo inakuwa imehifadhiwa vizuri kuliko zote kwenye ndoo. Kama hakuna, wachukue bloku ya ukingo wa uvimbe ambako vijifereji vya kawaida vimewaka ER. Kama siku za mbele kutakuwa na sehemu nyingine ya kuchoma sindano, vinyama vipya vikiingizwa kwenye formalini nzuri ndani ya dakika chache vitajibu maswali yote kwa mkupuo. Vinyama vya sindano ni vyembamba kama tambi, vikitendewa haki ndo sampuli bora kuliko titi zima. Vya mama havikutendewa haki, ndo huzuni yangu.

Sasa hii ya kaka yenu, PIK3CA E545K asilimia 3. Najua amelipa hela nyingi na najua ameshasoma kuhusu dawa ya alpelisib, ilipitishwa Marekani 2019 kwa wagonjwa wenye mabadiliko kwenye jeni hii ambao saratani yao ina vipokezi vya homoni, haina HER2 na imeshasambaa au imerudi. Naomba msikimbilie. DNA imeandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T. Formalini, hasa nyama ikikaa nayo siku nyingi, inaiumiza herufi C, inaing'oa kipande, inakuwa kitu kingine ambacho mashine inakisoma kama T. Na kwa kuwa DNA ni nyuzi mbili zinazotazamana, C kuwa T kwenye uzi mmoja ni sawa na G kuwa A kwenye uzi wa pili. Sasa angalia E545K inatokeaje: G kugeuka A, nafasi ya 1633 ya jeni. Yaani ni kosa la aina ile ile hasa ambalo formalini inalitengeneza. Ingekuwa H1047R, badiliko lingine la jeni hiyo hiyo ambalo ni A kugeuka G, ningekuwa na wasiwasi mdogo zaidi, hiyo sio njia ya formalini.

Alafu tazama hesabu. Tuseme kwenye ile bloku seli za saratani ni 60 kati ya 100, kila seli ina nakala mbili za jeni, moja imebadilika. Ungetegemea kuona karibu asilimia 30. Mmeona 3. Inaweza kuwa kweli, kwamba kikundi kidogo tu cha seli ndo kina badiliko hilo, lakini kwenye DNA hafifu kuna maelezo mengine: nakala nzima zilizobaki ni chache, labda thelathini na kitu, mashine inazizidisha mara maelfu, na ile moja iliyoumizwa inazidishwa pamoja na wenzake, moja kwenye thelathini na kitu ndo hiyo asilimia 3. DNA kutoka kwenye bloku mara nyingi imekatika vipande vya herufi mia moja, mia mbili, wakati jeni kama BRCA1 ina herufi zaidi ya 5,500 za kusomwa, unajenga ukuta kwa vipande vya matofali.

Kaka aiandikie ile maabara maswali matatu. DNA walipata kiasi gani na vipande vina urefu gani. Je walitumia kimeng'enya cha kuondoa hizo C zilizoumizwa kabla ya kusoma, kinaitwa UDG, maabara nyingi wanacho. Na je walirudia kipimo mara ya pili kuanzia DNA mpya kutoka bloku hiyo hiyo, maana kosa la formalini linaangukia popote kwa bahati, ukirudia mara nyingi halionekani pale pale, badiliko la kweli linarudi. Wasipojibu, au wakijibu hapana, msijenge matibabu juu ya ile asilimia 3. PIK3CA inaweza pia kutafutwa kwenye damu kama ugonjwa umesambaa, ila damu ikiwa hasi bado inabidi kurudi kwenye kinyama, kwa sababu uvimbe mwingine hautoi DNA ya kutosha kwenye damu.

Umegusia kaka anafikiria na Oncotype, kile kipimo cha jeni 21 cha kukisia kama saratani itarudi. Kile kinapima RNA, na RNA ni dhaifu kuliko DNA. Kwa bloku hizi mi ningesubiri kwanza HER2 ieleweke, maana kama HER2 ni chanya kipimo hicho hakimhusu mama kabisa na hela itakuwa imeondoka bure.

Na umesema mgongo unamuuma. Nisikutishe, migongo inauma kwa sababu nyingi, ila daktari aangalie, na endapo itafika mahali pa kutoa kinyama cha mfupa naomba mseme mapema kwamba mtataka kupima HER2 na jeni. Mfupa lazima ulainishwe ndo ukatike, na maabara nyingi zinatumia asidi kali kwa sababu ni ya haraka, asidi ile inaimaliza DNA yote. Kuna njia ya EDTA, dawa ya kulainisha taratibu, inachukua siku nyingi zaidi lakini DNA inabaki. Ukisema baada ya asidi umeshachelewa.

Wewe na BRCA. Hapo pumua. BRCA ya kurithi inapimwa kwenye damu au mate, seli zako hai, hakuna formalini, hakuna ndoo, damu inaingia kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau na inasafiri vizuri. Haya yote niliyoeleza hayakugusi. Ila bora aanze mama kupima kwa damu yake, yeye ndo mwenye ugonjwa, akikutwa na badiliko wewe na wadogo zako mnatafutiwa hilo hilo moja na jibu linakuwa safi, akiwa hana, hasi yako inasomeka kwa maana nyingine. Na kama kaka anasema BRCA ilishaangaliwa kwenye kile kipimo cha uvimbe na haikuonekana kitu, hiyo haitoshi, kwenye DNA iliyokatika vipande namna ile kipande kikubwa cha jeni kinaweza kuwa kimepotea na mashine isikione.

Kesho nendeni maabara ya pili na barua ya daktari, muombe bloku na slaidi za mama, pamoja na za tezi. Kwenye fomu ya kuzipeleka mwandikishe saa nyama ilipotoka mwilini, saa ilipoingia kwenye formalini na saa ilipotolewa, kama hamkumbuki saa kamili andikeni siku, mtaalamu atakayezipokea atajua aanzie bloku ipi. Na kwenye gari zikae kwenye mfuko kivulini, chini ya kiti, sio mbele kwenye dashibodi penye jua, kwa sababu ile nta inayeyuka kwenye joto la nyuzi 60 hivi na dashibodi ya mchana inafika hapo.